Kuendesha gari la chini kipindi cha theluji: raba kwanza, tumbo la pili, mengine yanafuata

Kila theluji ya kwanza ikianguka kuna watu wanafunika gari lao la spoti turubai na kulisahau mpaka joto lirudi, ukiwauliza wanakwambia lina nguvu sana, litaserereka. Sio nguvu jamani. Nguvu unaigawa wewe mwenyewe kwa mguu wa kulia. Kinacholitesa gari la chini kwenye baridi ni vitu viwili, raba iliyokakamaa na tumbo lililo karibu na ardhi, na hicho cha kwanza kina dawa ya uhakika wakati cha pili hakina dawa, kina kipimo tu. Porsche 911 ilishinda Monte Carlo Rally miaka mitatu mfululizo, 1968 kwa Vic Elford halafu 1969 na 1970 kwa Björn Waldegård, na ile ni resi ya Januari inayopita milimani kwenye theluji na barafu, kwa hiyo hili suala la gari la spoti kutoweza baridi tuliweke pembeni mapema.

Raba

Matairi ya majira ya joto, hasa yale mapana yanayokuja na magari ya kasi, yametengenezwa yashike lami yenye joto. Hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi hivi ile raba inaanza kukakamaa, hailegei tena kushika ule ukwaruzi wa lami, na hapo theluji bado hata haijaanguka, barabara kavu kabisa, wewe unashangaa tu gari linakwenda kombo kwenye kona unayoipita kila siku. Ikishuka chini ya sifuri ni mbaya zaidi, yale matairi ya kiwango cha juu kabisa yanaweza kupata nyufa ukiyatembeza yakiwa yameganda, watengenezaji wenyewe wanaonya juu ya hilo, kwa hiyo hata kulisogeza gari kidogo tu kutoka gereji isiyo na joto sio kitu cha kuchukulia poa.

Matairi ya winta yanafanya kazi kwa njia mbili. Raba yake inabaki laini kwenye baridi, na kashata zake, yale meno ya tairi, zina mikato myembamba mingi inayouma theluji, halafu theluji yenyewe inajaa kwenye mifereji na inashikana na theluji iliyoko chini, ndo maana tairi lililojaa theluji nyeupe kwenye kashata sio tairi lililoshindwa, lipo kazini hilo. Ukinunua tafuta ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na nyota ya theluji ndani yake. Zile herufi M+S peke yake zisikudanganye, hizo mtengenezaji anaziweka bila tairi kupita jaribio lolote la theluji, na Ujerumani tangu Oktoba 2024 tairi lenye M+S tu halihesabiwi tena kuwa la winta.

Angalia na umri. Ubavuni kuna namba inayoanza na herufi DOT, tazama tarakimu zake nne za mwisho, ukikuta 3522 manake limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2022, na tairi la winta la zamani linaweza kuwa na kashata nzuri tu machoni huku raba imeshakuwa ngumu kama ubao. Kashata zenyewe usiende chini ya milimita 4. Sheria nchi nyingi za Ulaya inaruhusu mpaka 1.6 lakini hiyo ni ya barabara ya kawaida, Austria kwa mfano tairi la winta lililoshuka chini ya milimita 4 hawalihesabu kama la winta kabisa na nawaunga mkono.

Funga yote manne. Kuna wanaofunga mawili kwenye ekseli inayovuta tu ili waokoe hela, hapo umetengeneza gari ambalo upande mmoja unashika na mwingine hauna habari, kwenye gari la kuvuta nyuma utaondoka vizuri sana halafu kona ya kwanza pua inaenda moja kwa moja, na kwenye la kuvuta mbele ni mkia unaokupita ukishika breki.

Kitu kingine wengi hawakifikirii ni upana. Wakati wa joto tairi pana ni raha, kwenye theluji tairi jembamba kidogo linakata na kushuka mpaka kwenye kitu kigumu wakati lile pana linaelea juu juu. Kama gari lako linakuja na 245/35 R19 (upana kwa milimita, urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana, na rimu kwa inchi) unaweza ukakuta linakubali 225/45 R18, kipenyo cha nje kinakaribia kuwa kilekile, tofauti haifiki hata asilimia 1, unapata ubavu mrefu zaidi unaovumilia mashimo yaliyojificha chini ya theluji na rimu ambayo hutalia sana ikiliwa na chumvi. Lakini soma kwanza kitabu cha gari saizi gani zimeruhusiwa na uhakikishe rimu ndogo inapita juu ya breki, manake magari haya mengi yana diski kubwa na kalipa nene, kuna yanayokataa kabisa kushuka saizi.

Upepo upime kila baridi inapobadilika, tairi likiwa halijatembea. Kwa kila nyuzi 10 zinazoshuka presha inapungua kama bar 0.1, kwa hiyo gari ulilojaza upepo vizuri mwezi wa joto linaingia winta likiwa na upungufu bila tairi kutobolewa popote.

Na wenye gari la kuvuta magurudumu manne mnisikilize hapa. Hiyo difu ya mbele inakusaidia kuondoka na kupanda mlima, basi. Kusimama kila gari linasimama kwa magurudumu manne na kinachokusimamisha ni raba, kwa hiyo gari la kuvuta nyuma lenye matairi ya winta litakuacha mbali sana kwenye breki kama wewe uko na ya joto, na ubaya wake ni kwamba lile lako linaondoka vizuri kiasi kwamba hujui barabara inateleza mpaka siku unapohitaji kusimama.

Tumbo

Chukua rula, lala chini, pima. Pima chini ya mdomo wa bampa la mbele, pima katikati ya sakafu, pima nyuma. Magari mengi ya spoti yanasoma kati ya sentimita 10 na 13, yaliyoshushwa springi ni chini ya hapo. Hiyo namba ndogo kuliko zote uiandike mahali, ndo leseni yako ya winta. Mimi kanuni yangu ni kwamba theluji mbichi ikifika nusu ya hiyo namba naanza kufikiria njia nyingine, ikiifikia yote gari halitoki, hamna mjadala.

Sababu iko hivi. Theluji ikiwa juu kuliko bampa, bampa linageuka koleo, linaisukuma na kuikandamiza chini ya sakafu, na magari ya kisasa sakafu yake ni bapa kwa ajili ya upepo kwa hiyo ile theluji haina pa kutokea, inashindiliwa tu. Inafika mahali gari limelala juu ya tumbo lake, uzito umehama kutoka kwenye magurudumu umekaa kwenye theluji, na hapo uwe na matairi mazuri namna gani yatazunguka hewani. Theluji nyepesi kavu inasamehe kidogo, ile nzito yenye maji haisamehi, na ile iliyoganda usiku inang'oa klipu za plastiki za chini au inapasua mdomo wa bampa kabisa.

Pale unapotakiwa kuwa macho zaidi ni tuta linaloachwa na greda la kusafisha theluji, lile linalokaa mdomoni mwa njia ya kuingilia nyumbani au kukatiza makutano. Ukilitazama kwa mbali ni laini, jeupe, unaona litapita. Mle ndani kuna mabonge ya barafu. Usilivamie kwa kasi kama wenye magari ya juu, simama, chukua koleo, fungua njia ya upana wa gari. Kama gari lina ule mfumo wa kunyanyua pua utumie hapo polepole, lakini kumbuka unainua mbele tu na ukishika mwendo kidogo unajishusha wenyewe, kwa hiyo sio kitu cha kuendeshea.

Barabara ambayo malori yamepita nayo ina mtihani wake, yanaacha mifereji miwili na katikati mgongo uliosimama, gari la chini likifuata mifereji mgongo unakwaruza sakafu njia nzima. Hapo unahama kidogo ili gurudumu la upande mmoja lipande juu ya mgongo, mwendo mdogo, mikono imetulia, na kama barabara haikupi nafasi ya kufanya hivyo bila kusogelea wanaokuja mbele basi geuza.

Kabla hujaondoka

Ondoa theluji yote, paa, boneti, taa, sio kutoboa ka-dirisha ka kuchungulia kwenye kioo. Ile ya paa ukishika breki inateremka yote kwenye kioo cha mbele kwa mpigo mmoja. Taa za LED hazitoi joto la kuyeyusha kama zile balbu za zamani, kwa hiyo njiani theluji ikiwa inaanguka simama mara mojamoja uzifute, na unavyokaa chini hivyo wenye magari makubwa wanakuona kwa shida tayari.

Milango isiyo na fremu juu ya kioo inahitaji uangalifu wa peke yake. Ukivuta kitasa kile kioo kinashuka kama sentimita moja ili kitoke kwenye mpira wa paa, sasa kikiwa kimeganda hakishuki, na wewe ukilazimisha mlango unararua mpira au unaua mota ya kioo. Paka mpira silikoni mapema kabla ya baridi kuanza, na asubuhi ukikuta kimeganda bonyeza bonyeza kioo kwa kiganja kuvunja barafu, ukivuta kitasa tazama kwanza kioo kimeshuka ndo ufungue. Maji ya moto kwenye kioo hapana kabisa, kinapasuka. Wenye paa la kitambaa usilikunje likiwa limeganda, hasa kama dirisha la nyuma ni la plastiki.

Viatu navyo. Pedali za gari la spoti zimekaribiana, buti nene inakanyaga breki na mafuta kwa pamoja, na soli yenye theluji inateleza kwenye klachi wakati mbaya kuliko wote. Weka viatu vyembamba garini, badilisha.

Injini iwashe, ikitulia ondoka taratibu, usiiache ikiunguruma nusu saa. Ila ujue geji ya maji inapanda haraka kuliko joto la oili, sindano ya maji ikifika katikati oili bado nzito, kwa hiyo mizunguko iwe ya chini mpaka oili nayo ipate joto. Gari linalokaa siku nyingi bila kutembea lifungie chaja ya kutunza betri, baridi inapunguza sana nguvu ya betri na haya magari yana kompyuta zinazokunywa umeme hata yakiwa yamezimwa.

Barabarani

Chagua mode ya theluji au mvua kama ipo, ESP, ule mfumo wa kuzuia gari kuserereka, iache imewashwa, gia ya otomatiki iache ichague yenyewe, ya mkono ondoka na gia ya pili klachi ikiachiwa taratibu. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani na huo mshiko unaugawa, ukiutumia wote kwenye breki haubaki wa kukata kona, kwa hiyo fanya jambo moja kwa wakati. Shika breki gari likiwa limenyooka, achia, ndo ukate kona, likinyooka tena ndo uongeze mafuta.

Umbali wa kusimama ndo kitu nataka kila mtu akiweke kichwani. Kwa kilomita 50 kwa saa lami kavu gari zuri linasimama kwa mita kama 12 toka ulipokanyaga breki. Theluji iliyoshindiliwa ni karibu 40. Barafu tupu inakaribia mita 100. Sasa punguza mwendo mpaka 30 kwenye hiyohiyo barafu unapata kama mita 35, ona ulivyookoa, kwa sababu umbali unakua kwa mraba wa mwendo. Hiyo ndo faida kubwa kuliko teknolojia yoyote iliyoko kwenye gari lako na haina gharama.

Barafu mbaya kuliko zote ni ile ya karibu na nyuzi sifuri. Ikiwa baridi kali sana, tuseme zaidi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, barafu inakuwa kavu na inashika kidogo, lakini kwenye sifuri ina utando wa maji juu na hapo hamna cha kushika. Madaraja yanaganda mapema kuliko barabara kwa sababu upepo unapita juu na chini, na sehemu zenye kivuli cha miti zinabaki na barafu mpaka mchana. Dalili utazisikia kabla ya kuziona, sauti ya matairi inapotea ghafla na usukani unakuwa mwepesi. Ukipata hiyo usifanye kitu, achia mafuta polepole, usukani ulivyo, pita.

Kushusha gia ghafla kwenye gari la kuvuta nyuma ni hatari manake injini inayakaba yale magurudumu ya nyuma na mkia unatoka bila hata kugusa breki. Shusha gia mapema, ukichangamsha mafuta kidogo ili mizunguko ilingane, au ukiona mambo yanaharibika kanyaga klachi tu gari liwe huru.

Mpangilio wa gari lako nao una tabia zake. Injini mbele na kuvuta nyuma, kama Mazda MX-5, mkia ni mwepesi na unatoka mapema lakini unakupa taarifa. Porsche 911 uzito uko juu ya magurudumu yanayovuta kwa hiyo inaondoka vizuri mno, tatizo ni pua nyepesi inayokataa kuingia kona, hivyo gusa breki kidogo kabla ya kukata ili uzito uje mbele. Injini katikati inageuka upesi sana, ikishaanza kuzunguka muda wa kuirudisha ni mdogo, hiyo iendeshe kwa heshima zaidi. Na kama una difu ya kujifunga, ile inayolazimisha magurudumu mawili yazunguke pamoja, magurudumu mawili ya nyuma yakiteleza yanateleza pamoja na mkia unakwenda pembeni, kwa hiyo mafuta ni ya kunyunyiza.

Mkia ukitoka, macho yaende unakotaka kwenda, sio kwenye nguzo, mikono inafuata macho. Geuza usukani upande uleule mkia ulikoelekea, achia mafuta taratibu, breki usiguse, na hapa ndo wengi wanapoharibu, gari likianza kurudi rudisha usukani katikati haraka, ukichelewa linavuka kwenda upande wa pili kwa nguvu zaidi ya mwanzo na ule wa pili ndo unaotupa watu mtaroni. Pua ikigoma kukata kona fanya kinyume cha unachotamani, punguza usukani, achia mafuta, subiri matairi yashike. Haya hayajifunzwi kwa kusoma tu. Tafuta uwanja mpana uliofunguliwa kwa mazoezi, ukanyage breki kwa mwendo wa 20 au 30 mpaka usikie ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, inavyotetemesha pedali na usiogope tena. Kule Arjeplog, kaskazini mwa Sweden, makampuni ya magari yanajaribu magari yao juu ya maziwa yaliyoganda, na kozi za kuendesha kwenye barafu za namna hiyo zina thamani kuliko vipuri vingi tunavyovinunua.

Ukikwama, na ukifika

Acha kuzungusha matairi, unachimba na unalaza tumbo zaidi. Shuka, cha kwanza safisha theluji kwenye ekzosi, ikiziba ule moshi unarudi ndani na unaua mtu bila harufu ya kumshtua. Halafu chimba mbele ya magurudumu na chini ya bampa, weka mchanga au zulia la miguuni mbele ya magurudumu yanayovuta, na hapa ndo mahali pekee pa kuzima ESP, manake inakata nguvu wakati unahitaji magurudumu yazunguke kidogo. Mbele, nyuma, mbele, taratibu. Gari lenye gia za otomatiki za klachi mbili usilibembeze muda mrefu, klachi zinachemka. Ndoano ya kuvutia iwe karibu, sio chini ya mizigo yote, mengi haya hayana spea wala jeki, na minyororo mengi hayaikubali kwa sababu hamna nafasi kati ya tairi na fenda, ulizia soksi za kitambaa za tairi kama kitabu kinaziruhusu.

Ukitoka kwenye theluji nzito halafu usukani unatetemeka ukifika 80 hivi, usikimbilie kufikiri rimu imepinda, mara nyingi ni theluji iliyoganda ndani ya rimu upande mmoja. Simama uigonge itoke. Ukipaki usiku acha kwenye gia badala ya handibreki kama mahali ni tambarare, pedi zenye maji zinagandia diski.

Chumvi ioshe mara kwa mara, gari la chini linaoga dawa ya barabara mwili mzima na alumini nayo inaliwa, sio chuma tu. Chagua siku iliyo juu ya sifuri, piga maji chini ya sakafu na ndani ya fenda kabla ya kuhangaika na rangi, kausha mipira ya milango, halafu tembea kidogo ukibonyeza breki polepole zikauke ndo upaki.